Chupa Sita Zilizovaa Soksi

Nikianza kusimulia hili mke wangu huondoka sebuleni, kwa hiyo mkiona ameinuka sasa hivi msidhani amekasirika na nyinyi, hapana, ni aibu tu, na aibu yenyewe ni yangu mimi niliyetapikia viatu vya mzee aliyeongoza posa ya dada yangu, tena mimi ndiye niliyekuwa baba wa shughuli, na suti nimevaa.

Mnajua mimi ni Mrundi wa kambini, nimekulia Kigoma, na Amerika nimefikia Louisville, hapahapa Shively. Kazini kwetu, kwenye kile kiwanda cha vipuri vya magari, kulikuwa na mzee mmoja wa Kentucky mwenye ugonjwa wa soda ya mizizi, ile wanayoiita root beer (haina kileo hata tone, watoto wanapewa, msianze), lakini yeye hakutaka ya makopo ya dukani, alitafuta zile zinazotengenezwa na watu binafsi kwenye vijikarakana vyao, kila mmoja na mizizi yake na magome yake, moja ina asali, moja ina karafuu, moja inanuka moshi utadhani imepikiwa jiko la kuni. Kila Ijumaa wakati wa mapumziko analeta chupa kadhaa, kila chupa ameivisha soksi ili tusione imetoka wapi, anatumiminia, tunaonja, halafu tunanyoosha vidole, vitano kama ni nzuri sana, kimoja kama ni ya kumwaga. Mara ya kwanza nilidhani nimenyweshwa dawa ya kuchua misuli. Baadaye ulimi ukafunguka, na kufikia kiangazi cha 2015 wenzangu walikuwa hawanyooshi vidole vyao mpaka waone nimenyoosha vingapi.

Chekeni tu, lakini maisha yetu mnayajua. Tangu nishuke kwenye ndege hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi naonaje. Kazini naonyeshwa pa kusimama, benki naonyeshwa pa kusaini, shuleni mwanangu Divine ndiye anayenitafsiria maneno ya mwalimu wake (na nina hakika mengine anayapunguza). Sasa leo wanaume wazima wenye nchi yao wamekaa kimya wananisubiri nimeze, wanasema haya, tuambie. Kichwa kilivimba, sikatai.

Wakati huohuo dada yangu Aline akapata mchumba. Aline nimemlea mimi, wazazi wetu walifia kambini yeye akiwa bado ananyonya, nimembeba mgongoni kwenye foleni za mgao mpaka watu wakadhani ni wangu wa kumzaa. Kijana mwenyewe anaitwa Espoir, Mkongo wa Uvira, anakaa na wazazi wake kule Riverside, Buffalo, na walikutana Columbus kwenye mkutano wa kwaya. Kijana mzuri, sina neno naye. Ikaletwa habari kwamba ujumbe wa posa utakuja kwangu Jumamosi fulani, unaongozwa na mjomba wake, Mzee Bahati, na huyo mzee akisema ndiyo imekuwa ndiyo, akisema hapana hakuna ndoa. Aline hakulala wiki nzima. Aliniambia, "Kaka, nakuomba, usiongee sana."

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nikampeleka Columbus kwenye mazoezi ya kwaya, na nikiwa namsubiri nikaingia duka moja lenye ukuta mzima wa soda, nikatoka na aina sita za ajabu ambazo hata yule mzee wa kazini alikuwa hajazionja. Nikamwambia mke wangu, hawa wageni Fanta wameijua tangu kuzaliwa, sisi tutawapa kitu cha tofauti, wataonja bila kuona chupa, watanyoosha vidole, tutacheka, undugu utaanza kwa furaha.

Mke wangu alikuwa ameshanunua kreti mbili za Fanta za chupa kwenye duka la Wameksiko. Akaniangalia. "Baba Divine, wakwe wanafunguliwa chupa mbele ya macho yao."

"Hayo ni mambo ya kule," nikasema. "Hapa ni Amerika."

Na mimi jambo hilo nalijua vizuri sana, ndicho kinachonikera mpaka leo. Kwetu Burundi na kwao Kongo mgeni wa heshima hapewi kinywaji kilichofunguliwa jikoni. Unamletea chupa imefungwa, unaifungua mbele yake ausikie ule mlio wa gesi, na kama ni kitu cha kumimina basi mwenyeji anaonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Watu wamekufa kwa sumu kule, au wamesemwa wamekufa kwa sumu, na ukishasemwa inatosha, ukoo wako wote umekwisha. Nilijua yote hayo, na bado nikaenda kununua soksi mpya, tena nyeusi, kwa sababu nyeupe zilikuwa zinaonyesha lebo.

Basi wakaja, watu wanane, wamekesha barabarani kutoka Buffalo, wamependeza, Mzee Bahati amevaa viatu vyeupe vya ngozi ambavyo ungeona uchungu kuvikanyagisha chini. Tukasalimiana, tukaomba, tukatambulishana. Mpaka hapo mambo yalikuwa matamu. Kisha nikaingia jikoni peke yangu, nikafunga mlango (mlango, jamani, niliufunga kabisa), nikamimina, nikatoka na sinia la glasi za kitu cheusi chenye povu, nikazipanga mbele ya wakwe, nikaanza kuwaelekeza kwamba kila mmoja atanywa halafu atanyoosha vidole. Mzee mwenye mvi, amekuja kumposea kijana wake, namwambia anyooshe vidole.

Mzee Bahati akainua glasi, akainusa, akairudisha mezani polepole. "Papa Divine, chupa yake iko wapi?"

Hapo Mungu alinifungulia njia. Ningesema tu hizi hapa, mzee, nikazileta, nikanywa funda la kwanza mimi, yakaisha. Mimi nikacheka. Nikasema, "Hiyo ni siri, mzee. Utaambiwa ukishamaliza kunywa."

Nikamwona Aline, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani na kitenge chake kipya, amefumba macho.

"Bon," akasema Mzee Bahati, taratibu. "Siye tulikuya kuomba mutoto. Hatukukuya kufanya examen."

Kumbe shangazi yake Espoir, Mama Furaha, kwa kiu ya safari alikuwa ameshapiga funda moja, tena la ile iliyokolezwa magome ya mti, ile kali. Akabaki nayo mdomoni, mashavu yamejaa, halafu akainuka mbio kwenda kuitema jikoni, na huko jikoni akakuta chupa sita zimepangwa karibu na jiko, kila moja imevaa soksi nyeusi na imefungwa uzi mwekundu shingoni. Uzi ulikuwa wa kuzuia soksi isiteleze. Nani angeniamini?

Akarudi ameishika moja kwa ncha za vidole viwili. "Muangalie," akasema. "Muangalie kile anatupikia. Na hii kitu iko na harufu ya dawa ya kupakala mugongo." Mtu mmoja nyuma akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

Nikaruka nikaivua ile soksi niwaonyeshe lebo, niwaonyeshe kwamba ni soda halali ya dukani, na kati ya chupa sita Mama Furaha alikuwa amechukua ile ya pilipili, ambayo lebo yake ina picha ya fuvu la kichwa (Wamarekani wanaona ni utani mzuri). Nikaanza kueleza. Nikaeleza kiwanda, nikaeleza Ijumaa, nikaeleza mzee wa Kentucky, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu aliyekwenda kufundishwa kitu kibaya mahali fulani. Mke wangu akaleta Fanta, zimefungwa, na kifungulio juu yake. Hakuna aliyegusa.

Sasa badala ya kukaa chini na kuomba radhi kama mtu mwenye akili, hasira zikanipanda. Nikasema haya, mnadhani ni sumu, tazameni. Nikachukua glasi ya Mzee Bahati nikaimaliza, nikachukua ya Mama Furaha, nikachukua ya Espoir, nikaenda na mstari mzima bila kupumua, glasi nane, asali juu ya moshi, moshi juu ya karafuu, na ya mwisho ndiyo ile ya pilipili. Nikasimama katikati ya sebule yangu, nimenyoosha mikono, nikasema, "Mnaona? Niko mzima."

Tumbo likajibu. Sikuwahi kujua gesi inaweza kumrudi mtu kwa nguvu ile, ilipita mdomoni na puani kwa pamoja, povu jeusi, na Mzee Bahati alikuwa mbele yangu. Viatu vyote viwili.

Makelele yaliyofuata siwezi kuwaelezea. Mama Furaha akaanguka kitini akilia kwamba Mungu amemgeuzia mchawi dawa yake. Mimi nataka kusema ni soda, ni soda tu, na kila nikifungua mdomo linatoka povu. Divine, mtoto wangu wa miaka tisa, akafanya alivyofundishwa shuleni, akashika simu akawaambia watu wa dharura kwa Kiingereza safi kwamba baba yake amekunywa kitu kibaya na anatoa mapovu. Likaja gari la wagonjwa, na polisi nyuma yake. Nikabebwa kwenye machela nikiwa na suti, majirani wamesimama kwenye vibaraza vyao, na kabla mlango haujafungwa nikamwona Espoir amepiga magoti anamfuta mjomba wake viatu, na Aline anamtazama, mimi hanitazami.

Hospitali wakasema ni gesi. Niliporudi wakwe walikuwa wameondoka, sombe, hiki kisamvu chetu, na nyama ya mbuzi vimepoa sufuriani, na Aline amejifungia.

Habari ilifika Buffalo kabla yao, kupitia simu, na ilipofika Columbus ilikuwa imeshakamilika: Mrundi wa Shively alichanganya glasi akanywa aliyomwekea mzee. Espoir, Mungu ambariki, hakumwacha dada yangu. Aligombana na ukoo wake karibu mwaka mzima, ndoa ikafungwa, lakini kwa sharti moja, kwamba atakayemkabidhi Aline asiwe mimi. Akatafutwa baba mdogo wa Columbus ambaye hata siku ya kuzaliwa ya Aline haijui. Mimi nilikaa safu ya tatu. Niliyembeba mgongoni, nilikaa safu ya tatu na kupiga makofi. Iliniuma na bado inaniuma.

Soda ya mizizi sikuigusa tena, na Ijumaa nilikuwa nakula chakula changu ndani ya gari. Nikadhani basi, nimeshalipa.

Aline akajifungua mtoto wa kiume. Mke wangu akasaga unga wa uji wa mzazi, ulezi na karanga na soya, akaufunga vizuri, nikaendesha mpaka Riverside. Walinipokea vizuri, nisiwasingizie, mama yake Espoir aliupokea ule unga kwa mikono miwili. Asubuhi nilipokuwa natoka kwenda kwenye gari nikapita kwenye pipa la taka nje ya nyumba, mfuniko haukufunga vizuri, nikaona mfuko wetu, fundo la mke wangu halijafunguliwa.

Aline alikuwa nyuma yangu, amenisindikiza. Akaona ninachokiona.

"Si wao, kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mimi nimeutupa. Mtoto akishikwa hata na mafua watasema ni unga wako, na mimi ndiye ninayeishi nao."

Nikamwambia amefanya vizuri.

Tangu hapo nikienda Buffalo naenda mikono mitupu. Nampakata mpwa wangu kidogo, kisha namrudisha kwa mama yake mapema, kwa sababu akilia akiwa mikononi mwangu naona jinsi wanavyotazamana.