Nilivyogomea Wimbo wa Muuaji

Kwaya yetu hapa Fort Worth ilipopewa wimbo wa mtunzi mmoja wa kale wa Ulaya, nilishtuka. Jina lake nililijua: kwenye muvi niliyotazama nyumbani, alimuua mtunzi mwenzake kwa wivu. Tungeimbaje wimbo wa muuaji kanisani? Mimi mjuaji nikawatia hofu kina mama wa sauti ya pili, tukakubaliana tufunge na kuomba kutwa nzima.

Jioni ya siku hiyo ya kufunga, kwenye mazoezi, nilisimama, nikamshtaki muuaji.

“Dada, hayo umeyasoma wapi?” mwalimu wa kwaya akauliza.

“Kwenye... muvi.”

“Muvi ni hadithi tu. Huyu mtunzi wetu ndiye aliyemfundisha muziki mtoto wa huyo unayedai aliuawa.”

Nyuma yangu, tumbo la Mama Njeri wa sauti ya pili likanguruma kwa njaa.