Sima ya Mbegu

Juzi kikundi cha wakulima kutoka Ganze kilikuja kujifunza shambani kwangu hapa Gede. Nikwambie kweli, rafiki yangu, si shamba la kuonea haya. Nina diploma ya kilimo, nina kisima na tangi, na mchicha wangu usiojua dawa huliwa na wageni wa hoteli za Watamu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikuwa nikiwaonyesha mboji yangu, mikono kiunoni, ndipo mama mmoja mzee akaniuliza kama ninayo mbegu ya mdzihana, yale mahindi ya kienyeji ya kwetu. Nikamjibu sina. Hakuuliza kwa nini, na tangu siku hiyo sina raha.

Nyanya yangu alikuwa nayo, huko huko Ganze. Yalikuwa mahindi madogo, magumu kama changarawe, ganda limefunga mpaka ncha. Aliyavuna na maganda yake akayapanga kwenye dari ya fito juu ya mafiga, moshi ukayafukiza kutwa, fukusi asipate pa kuingilia. Yaliyo bora aliyafunga mawili mawili akayatundika juu kabisa, meusi kwa masizi. Hayo hayakuguswa hata mwaka wa njaa. "Ukila mbegu umekula mwakani," alikuwa akisema.

Kabla ya shule tulitia majivu katika moyo wa kila mhindi, mdokoo mmoja mmoja, ili kuua viwavi. Mavi ya mbuzi tuliyabeba kwa kapu kichwani. Jioni tulikula sima yenye harufu ya moshi, kwa mboga ya mchunga iliyopikwa na tui, uchungu wake ukibaki ulimini mpaka tunalala. Nilipopelekwa shule ya bweni mjini, wenzangu walinusa shati langu wakanibandika jina: Dari.

Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa pepo. Shamba lile lilitoa kidogo, mvua ikikatika tulikula mara moja kwa siku, na jembe lilimpinda nyanya mgongo. Hata leo, udongo wangu umelainika na nyuki wamerudi, lakini palizi ni ya mkono, viwavi hula fungu lao, na mboga zangu majirani hawaziwezi kwa bei. Mbolea ya gunia imewashibisha wengi. Hilo silikani.

Siku niliyorudi na diploma nilivaa tai katika jua la Ganze. Majirani walikusanyika uani.

"Haya, bwana shamba, tufundishe," nyanya akasema.

Nikawafundisha. Nikasema mbegu za moshini ni uchafu wa kizamani, nikafungua pakiti ya mbegu za dukani niliyokuja nayo. Nyanya akachukua punje moja, nyekundu kwa dawa, akaigeuza kiganjani.

"Na hii, njaa ikija, yapikwa?"

"La, nyanya. Ina sumu."

"Kumbe mbegu yenyewe hailiki," akasema, na ua mzima ukacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Kesho yake, alipokwenda kuteka maji, nilipanda darini nikayashusha yale mahindi ya juu kabisa, yote. Nikayapukuchua, nikayapeleka kwenye mashine ya kusaga. Jioni sima ilipotengwa aliinua macho darini, kisha akanitazama. Akamega tonge moja, akalitafuna taratibu, akanawa mikono.

Mavuno ya kwanza ya mbegu ya pakiti yalijaza dari, nami nikatamba kijiji kizima. Lakini mahindi yale ganda lake huachama nchani, na moshi peke yake hautoshi. Mwezi wa tatu baada ya kuvuna, unga ulikuwa ukidondoka kutoka darini kama vumbi. Fukusi walikuwa wamekwisha kula. Nyanya akachukua kikapu, akaenda kwa jirani kuomba mbegu ya mdzihana.

"Tulizisaga, mama," jirani akamwambia. "Si mjukuu wako aliyetwambia ni za kizamani?"

Mbegu ya pakiti nayo ukipanda tena punje zake mwaka wa pili hunyong'onyea, kwa hiyo kila msimu sharti inunuliwe dukani. Mimi ndiye niliyekuwa na mshahara. Kila mawingu yalipoanza kukusanyika alinitumia ujumbe: "Bwana shamba, mvua i karibu, usinisahau." Mwaka mmoja nilimsahau. Nilikuwa nikihangaikia kazi yangu ya hoteli, siku zikapita, wiki zikapita.

Sasa amekwisha kuzikwa, jiko lile limeanguka, na mdzihana nimeutafuta mpaka Marafa bila kuupata. Labda uko kwa mtu ambaye hakunisikiliza. Lakini ninachokiona nikifumba macho ni ile siku niliyofika nimechelewa. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Shamba la nyanya lilikuwa limelimwa, limefagiliwa magugu yote, halina kitu. Aliipokea pakiti kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo, kama watu wanavyopokea chakula cha msaada.

"Asante, baba," akaniambia.

Mwanamke yule, kabla sijaja na pakiti zangu, alikuwa akimpa mbegu kila aliyebisha hodi kwake. Katika yote niliyojidai kumfundisha, alilojifunza kwangu ni moja tu: kuomba.