Tangazo Lisilo na Jina la Mtu

Niseme tu ukweli, mpaka leo nikiona mahali pamebandikwa tangazo natazama pembeni, maana aibu niliyoipata ile miaka ya sabini nilijitafutia mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Nilikuwa karani wa zahanati, huko njia ya Nyarugusu, kijana wa darasa la saba najiona msomi (kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki). Siku hiyo mganga wetu akaniambia kuna mgonjwa wa kifua kikuu amekatiza sindano, wiki nzima hajaonekana, asipozimaliza atakufa, kwa hiyo niende kwake nikamwambie, kimyakimya. Mimi kutembea juani sikutaka, nikaona nibandike tangazo mlangoni pa zahanati, na kwa kuwa tulikatazwa kutaja jina la mgonjwa, sikulitaja. Niliandika: "Mgonjwa wa kifua kikuu, mwanamke, fundi cherehani, mama wa mapacha, arudi kumalizia sindano." Nikalisoma mara mbili, nikajipongeza. Jina halimo!

Kumbe ilikuwa siku ya gulio. Watu wakajaa, wasiojua kusoma wakaniomba niwasomee, nami nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Heh! Si Mama Kulwa huyo?" akasema mzee mmoja.

"Sijataja mtu, mzee wangu."

"Kwani cherehani hapa ziko ngapi?"

Ilikuwa moja tu. Ningenyamaza hapo ningepona, lakini nikajitia ujanja, nikasema mama wa mapacha wako wengi, basi mmoja wao akaniuliza kwa hofu, "Ni mimi?" nikasema hapana, siyo wewe, wa pili akauliza, nikasema hapana, mzee akarudia, "Basi ni Mama Kulwa?" na hapo, jamani, ndipo nikanyamaza! Watu wakaondoka kundi zima kwenda kuchukua vitambaa vyao kwake.

Mchana akaingia mwenyewe bila hodi, tangazo mkononi.

"Ulikuwa unanificha?"

"Ndiyo mama, ndiyo maana sikuandika jina."

"Kwenye daftari lako naitwa nani?"

"Veronika Masanja."

"Si ungeandika hilo! Hapa nani anamjua Veronika? Hata Baba Kulwa angeuliza ni mgeni wa nani. Jina wasilolijua umelificha, mimi mwenyewe umenianika. Na sindano zenu sizitaki tena."

Akatoka akikohoa. Sasa kama angekufa, mkono wangu ungekuwamo. Mganga alinitukana mpaka akachoka, kisha akaamua nesi amfuate nyumbani kila siku, na wa kumbeba nesi kwa baiskeli awe mimi. Siku tatu za kwanza tulifukuzwa, ya nne akakubali. Nilipiga pedali mpaka sindano zikaisha, na akapona, nashukuru Mungu.

Tangu hapo sijaandika habari ya mtu bila kujiuliza kama jirani yake akiisoma atamjua. Akimjua, hiyo ni siri yake, jina liwemo lisiwemo, naacha (hata humu majina na mahali nimebadili).

Wateja walimrudia mmoja mmoja. Nami nilikaa pale miaka miwili zaidi, kila asubuhi napita barazani kwake nampa shikamoo, naye anaendelea kushona.