Darasa la Kimanga ambako hata ndagala ana haki ya kusema

Saa tatu asubuhi, ndagala amesimama juu ya benchi, mikono kiunoni, na haonyeshi dalili ya kushuka.

"Muko munanikula kila siku!" anafoka. "Hata siku moja muntu hajaniuliza minye niko naonaje!"

Darasa zima linaangua kicheko. Ndagala huyo, yaani dagaa, ni Naomie, binti wa miaka kumi na mitatu, shati jeupe na sketi ya buluu, mwanafunzi wa darasa la nane katika shule moja ya mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, kando ya ziwa. Hili ni somo la uraia. Swali la muhula huu liko ubaoni, kwa Kifaransa safi: je, ziwa lifungwe miezi mitatu ili samaki wazaane?

Upande wa dirishani wamekaa wavuvi. Karibu na mlango wako akina mama wauza ndagala. Mbele, nyuma ya meza, yuko serikali, mvulana mrefu aitwaye Vainqueur, ambaye amejitahidi kununa tangu kengele ilipolia. Hata mwandishi wa habari hii hakuachwa: alipewa uvuvi, akajitetea kidogo, akashindwa vibaya.

Kwenye kona, Mwalimu Émérance Mapendo anatabasamu tu. Ni mara chache anafungua mdomo.

"Nikisema sana minye, bao banalala," ananong'ona.

Émérance, 34, hufundisha historia, jiografia na uraia darasa la saba na la nane. Alizaliwa Sange, kwenye tambarare ya Ruzizi, kwa wazazi wakulima wa mpunga. Alipoajiriwa Kimanga alifundisha kama alivyofundishwa yeye: anasoma kitabu, na kitabu chenyewe kimoja tu, wanafunzi hamsini na wanane wanaandika. Waliandika, wakasinzia, wakasahau.

"Lakini ku rekreasio, saa ya mapumziko, weee! Banabishana juu ya kufunga ziwa sawa bantu bakubwa. Nikajiuliza, hii akili yote banaiachaka inje ya kalasi juu ya nini?"

Ndipo akaanzisha barza, kikao cha kusikiliza na kuamua kama kile cha mtaani. Mara ya kwanza ilikuwa balaa. Alimwacha kila mtoto asemee upande wa kwao. Watoto wa wavuvi wakawaambia watoto wa wakulima kwamba hawajui lolote kuhusu ziwa. Wale wakajibu kwamba ziwa likifungwa hata mwaka mzima, mihogo yao ipo. Nusura wapigane.

"Nililia ile siku," anasema. "Kisha nikageuza."

Sasa kila mmoja huchota kikaratasi kwenye beseni, na ukichota upande wa kwenu unarudisha. Kiti cha samaki kiliongezwa na wanafunzi wenyewe, kwanza kwa utani, kisha kikawa ndicho kinachogombewa kuliko vyote.

Vainqueur ni mtoto wa mvuvi wa Kalundu. Wiki hii kazi yake ni kutafuta sababu za kumzuia baba yake asivue.

"Papa aliniuliza tunasoma nini ku masomo," anasema. "Nikamuelezea sababu za serikali. Kisha akasema: leta zingine, hizi hazitoshi."

Si kila mtu alifurahi. Kelele zilivuka ukuta hadi kwenye hesabu za Mwalimu Thaddée, jirani yake. Tena Kiswahili kilikuwa kimetawala katika shule ya Kifaransa. Mkuu wa shule, ambaye hapa huitwa prefe, Bwana Frédéric, alimwambia wazi: mkaguzi akija akakuta soko hili, darasa la nane litapewa mwalimu mwingine.

Émérance hakupata usingizi mzuri wiki hiyo. Alikuwa amewapenda wale watoto, na anakiri bila haya kwamba kunyang'anywa darasa lile kungemvunja moyo.

Mkaguzi alikuja mwezi uliopita, akaketi nyuma kabisa. Kabla hajafungua mkoba wake, Noella, mwanafunzi anayetunza beseni, alikuwa amekwisha simama mbele yake.

"Papa, mu hii barza hakuna muntu wa kukaa bure. Kamata karatasi."

Prefe alitoa leso, akajifuta jasho. Mkaguzi akachota, akasoma, akasimama polepole. Alikuwa ndagala. Akakohoa, akaanza kujitetea kwa Kifaransa kizito.

"Apana, Papa!" darasa likapiga kelele. "Ndagala hajui Kifaransa!"

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha, kwa Kiswahili cha kwao Nyakabere, akaomba apewe miezi mitatu tu akomae. Binti mmoja aliyechota kikaratasi cha muuza ndagala akamkatiza:

"Na ile miezi, batoto yangu batakula nini? Weye unakomaa, bao banakonda!"

Mkaguzi akainua mikono, akaketi. Darasa lilishangilia hadi Thaddée akaja mlangoni kuona kulikoni, na hakurudi kwenye hesabu zake mpaka mwisho.

Kama kawaida ya barza hiyo, baada ya mabishano kila mwanafunzi aliandika uamuzi kwa Kifaransa. Wengi waliamua ziwa lifungwe, ila serikali iwatafutie wavuvi kazi nyingine kwa miezi hiyo. Mkaguzi alipita kati ya benchi akisoma juu ya mabega yao.

"Bwana Prefe," alisema mwishowe, "huyu mwalimu asiguswe. Na hizo kelele muziache."

Émérance alitoka nje kwanza, akacheka peke yake uani, ndipo akarudi kufuta ubao.

"Minye niliogopa kelele tu," anasema prefe sasa, akijicheka. "Sikujua kama iko masomo ndani."

Amempa Émérance uwanja wa shule kwa Jumamosi ya mwisho wa muhula. Mwalimu anataka kuwaalika kwenye barza wazazi, wavuvi wa Kalundu na wakulima wa tambarare, akiwemo baba yake mwenyewe kutoka Sange. Mvuvi atasemea mpunga, na mkulima atasemea nyavu. Anaogopa? Sana, anasema, huku uso mzima ukicheka.

"Batoto bamekwisha kujua kusikilizana. Sasa njo zamu ya bazazi."