Bluzi Tulizojifunza Mbaraki

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba cha mazoezi kule Mbaraki na gita la besi la kuazima, nikawakuta wanaume wanne ambao hawakuambiwa kwamba anayekuja ni mwanamke. Kiongozi wa bendi, mtu wa Kibokoni aliyepiga gita la solo, alinijulia hali, akawaulizia na wazee wangu wa Rabai, ndipo akaniambia nipige. Nilipiga kwa pupa, bila kuacha nafasi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, piga moja, kisha nyamaza tuisikie."

Besi ni ile sauti nene ya chini inayowashika wenzake wasipotee. Bendi yetu ilikuwa ya roki, lakini Kiongozi alitaka kwanza tujue roki imezaliwa na nani. Akatufundisha bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, aliousikia katika santuri za mabaharia. Mwimbaji hulalamika, hurudia lalamiko lilelile, kisha hujijibu, na muziki huzunguka kuanza upya. Alitufundisha pia kuvuta uzi, yaani kuusukuma kwa kidole mpaka sauti ikae kati ya noti mbili, kama mtu anayezuia kilio. Aliniuliza baba yangu, mchukuzi wa gatini, aliimba nini na wenzake wakibeba magunia. Nikamwimbia: mmoja anaanza, kundi linaitikia. Wimbo wetu wa kwanza ulitoka hapo.

Baadaye tukapata kazi ya kudumu hotelini. Meneja wa kwanza alipenda kishindo. Tukaongeza spika, magita yakakwaruza, na bluzi ikabaki chini kabisa, kwenye besi yangu. Meneja aliyemfuata alinunua kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma na besi chenyewe. Alimwambia Kiongozi, mbele yetu, kwamba atabaki yeye na mwenzetu mpiga kinanda, wengine tuondoke.

Kiongozi alichomoa waya wa gita, akauzungusha taratibu mkononi.

"Huyu binti ndiye anayeniitikia," alisema. "Nikibaki na mashine, nitaimba na nani?"

Tukatokea mlango wa jikoni.

Hatukupata jukwaa jingine. Mpiga ngoma alirudi kwao Taita, mpiga gita la ridhimu akafariki. Kisha Kiongozi akapata kiharusi. Mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ukalala, na maneno yakampotea. Kila Jumapili nilipotoka kanisani nilipita Kibokoni. Mkewe alinimiminia kahawa, nikapiga besi, naye Kiongozi akaimba sehemu ya gita lake kinywa kimefumbwa. Ile sauti ya kati ya noti mbili hakuikosa hata mara moja.

Mwaka jana tukamzika. Nilikaa matangani na wanawake wa mtaa. Mkewe peke yake ndiye aliyejua mimi ni nani.

Sasa nimestaafu, naishi chumba kimoja hapa kisiwani. Jioni moja jirani yangu, mwalimu wa chekechea, aliniomba nimpigie wimbo mmoja wa zamani. Nikapiga besi, nikiacha nafasi zote za gita la Kiongozi. Alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, kisha akaniuliza wimbo utaanza lini.

Nikamwambia ulikuwa umefika katikati.