Kamera ya Kupigia Hondohondo

Dada wa duka la kusafishia picha alizipanga zile picha thelathini na sita juu ya kaunta, akazitazama, kisha akamtazama Mektrida kwa huruma.

"Mama, ulikuwa unapiga mawingu?"

Mektrida aliziinamia. Mawingu na ncha ya bawa. Mawingu na mkia. Moja ilikuwa na mdomo wa ndege peke yake, kama umechomekwa angani. Katika mkanda mzima hapakuwa na hondohondo hata mmoja aliyekamilika.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mpiga picha wa Kibosho. Komunio ya kwanza, kipaimara, harusi, misiba. Nyumba nyingi za upande ule wa mlima zilikuwa na picha yake ukutani, karibu na kalenda ya parokia. Hakuwahi kurudi na mkanda wa aibu, hata ile miaka ya mwanzo wa themanini ambapo mikanda ilikuwa adimu kama sukari, akawa anamwomba padri amletee mmoja mmoja kila anaposafiri. Sasa mikanda ilijaa madukani, naye ameharibu mmoja mzima.

"Nipe bahasha," alisema, akatoka bila kuaga.

Kazi hiyo alipewa na Ildefonce, mtu wa kijiji cha juu kabisa, pale vihamba, yale mashamba ya migomba, vinapokutana na msitu. Alikuwa amejenga nyumba ya wageni ya vyumba vitano. Ulikuwa mwaka tisini na saba, watalii wanamiminika Moshi, na kila duka linauza kadi za posta zenye mlima. Ildefonce alitaka kitu chake mwenyewe. Kila asubuhi hondohondo walivuka bonde mbele ya baraza yake, weusi kwa weupe, midomo mikubwa rangi ya maziwa yaliyoganda.

"Mlima kila mtu anao," alimwambia Mektrida. "Mimi nataka hondohondo akiwa hewani, mabawa yamefunguka. Huyo hakuna aliye naye."

Ilionekana kazi ndogo. Bibi harusi husimama, lakini hata bibi harusi hupepesa macho, na Mektrida alijua kumwahi. Ndege gani angemshinda?

Kosa ni la kamera, aliamua akiwa barabarani. Ile bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, alikuwa nayo tangu sabini na nne. Imezeeka, dirisha lake la kuchungulia limefifia. Akakata kona kuelekea nyuma ya soko, kwa Davis.

Davis alikuwa mtu wa Masama, miaka thelathini na kitu, aliyenunua Nairobi kamera zilizotumika na kuzipitisha mpakani Tarakea. Zamani mtu angefungwa kwa biashara ile. Sasa alikuwa na leseni ukutani na duka la chumba kimoja linalotazamana na bucha. Yeye ndiye aliyemkodisha Mektrida lenzi ndefu kwa ajili ya hondohondo.

"Shikamoo, Mama Fabian."

"Marahaba. Nataka bodi mpya. Hii yangu imekufa."

Davis hakubisha. Alitoa bodi mbili, akazivisha kila moja lenzi yake ndefu. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, ya kuvuta mkanda kwa kidole gumba, ya kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka picha ikae sawa. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, yenye mota ndani. Yenyewe inatafuta ndege, yenyewe inavuta mkanda.

"Hii ya pili ni ya wavivu," Mektrida alisema.

"Labda. Lakini kwa ndege, mama, usiulize ipi inapiga picha nzuri. Zote zinapiga. Uliza ipi itakuacha umwone ndege mpaka mwisho. Wengi hubonyeza ndege ameshatoka dirishani. Njoo tuzijaribu kwa mwewe."

Mbele ya bucha mwewe hawakukosekana. Walizunguka juu ya mabati, na kila mchinjaji alipotupa kipande cha utumbo, mmoja alijikunja na kushuka kama jiwe. Mektrida aliinua bodi ya chuma kwenye jicho la kulia, akafumba la kushoto kama alivyofanya maisha yake yote. Akampata mwewe katikati, akamfuata. Mwewe akainama kidogo na kutoweka. Akamtafuta, akampata, akatoweka tena.

"Dirisha limebana," alisema. "Lete hiyo nyingine."

Ile nyeusi ilinguruma mkononi mwake. Mwewe aliingia, mota ikalia, mwewe akatoweka.

"Davis, zote mbili zina ugonjwa mmoja. Zimekatwa pembeni. Naona katikati tu."

Davis alichukua ile nyeusi, akachungulia muda mrefu. Akachukua ya chuma. Aliposhusha mikono uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mimi naona kona zote nne," alisema polepole.

Alileta stendi ya kamera, ya miguu mitatu, akaifunga ile ya chuma juu yake, akaielekeza kwenye mlango wa bucha.

"Dirisha linaanzia kwenye ile baiskeli, linaishia kwenye lile pipa. Kodolea mlango, jicho usilizungushe. Mimi nitatembea kutoka kwenye baiskeli. Ukiniona tu, sema."

Mektrida aliona ni mchezo wa kitoto, lakini akainama. Mlango wa bucha ulikuwa safi kabisa, aliona hata kutu ya bawaba. Akangoja. Davis alikuwa anafanya nini huko? Labda amesimama kuongea na mtu. Mara, kama aliyepasua ukuta, Davis akatokea hatua moja kutoka mlangoni.

"Sasa!" Mektrida alisema.

Davis alisimama. Mchinjaji alisimama pia, kisu mkononi, maana alikuwa ameelewa kwamba hapa pana jambo.

"Mama Fabian," Davis alisema, "nimepiga hatua sita ndani ya dirisha lako. Hata mkono nimepunga."

"Si kweli."

"Tumia jicho lingine."

Hakuwahi kuchungulia kamera kwa jicho la kushoto. Ilikuwa kama kuandika kwa mkono usio wako. Pua ilizuia, uso haukujua mahali pa kukaa. Kisha likatulia, naye akapiga kelele, kelele fupi ambayo baadaye aliionea haya. Baiskeli ilikuwepo. Pipa lilikuwepo, na mbwa amelala chini yake, na mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani anapita. Akarudi kulia: mlango tu, na kuzunguka mlango si giza, si ukungu, bali kutokuwepo kwa kitu chochote. Akarudi kushoto: mbwa. Kulia: hakuna mbwa.

Alikaa chini kwenye ngazi ya duka. Jambo lililomjia kwanza halikuwa jicho. Lilikuwa harusi ya mwaka uliopita, picha kubwa ya ukoo, ambapo bibi mzaa mama wa bwana harusi alikatika nusu pembeni. Ukoo ule ulikuja juu. Mektrida aliwaapia kwamba bibi alisogea. Bibi mwenyewe alisema, "Mimi sikusogea, mwanangu," na watu wakamcheka bibi.

Wiki ile ile alikwenda hospitali ya rufaa. Daktari wa macho, mama wa rika lake, alimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, vitaa vidogo vikawa vinawaka ndani yake na yeye anabonyeza kitufe kila anapokiona kimoja. Kwa jicho la kulia alikaa muda mrefu bila kubonyeza, akidhani mashine imezimika. Haikuwa imezimika.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Mama, neva ya jicho la kulia imekufa sehemu kubwa. Imebaki ya katikati. Ndiyo maana hukujua. Jicho la kushoto lilikuwa linakufichia."

"Mnatibuje?"

"Kilichokufa hakirudi. Kilichobaki tunakilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. La kushoto limeanza kidogo sana." Aliandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mama yako aliona vizuri uzeeni?"

Mama yake, Monica, alikufa akishikwa mkono kwenda hata chooni. Wengi walisema ni moshi wa jikoni. Wengine walisema ni uzee tu. Mektrida mwenyewe alikuwa akimgombeza: mama, mbona unamwaga mtori, mbona hutazami?

"Una ndugu?" daktari aliuliza.

"Mdogo wangu. Hilda."

"Aje. Asingoje kuumwa, ugonjwa huu hauumi, na hutembea katika ukoo."

Jioni alimwambia mumewe. Rogath alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Alisikiliza akiwa amesimama, mzigo begani, asikumbuke kuutua.

"Zile nguzo za migomba," alisema hatimaye. "Kila siku unazigonga kwa bega la kulia. Nilidhani una haraka." Akautua mzigo. "Mimi nimekaa na wewe nyumba moja, Mama Fabian."

Hilda alipimwa mwezi uliofuata. Naye alikuwa nao, katika macho yote mawili, lakini mapema, kabla haujala kitu kikubwa. Walitoka hospitali wameshikana mikono kama wasichana, mpaka stendi.

Mektrida hakuirudisha kazi ya Ildefonce. Alirudi kwa Davis, na safari hii akachagua kwa jicho la kushoto. Ile ya chuma aliyoipenda ilimkataa yenyewe: kila alipoileta kushoto, mkono wa chuma wa kuvutia mkanda ulimchoma penye nyusi, na ilimbidi aishushe usoni baada ya kila picha. Ile nyeusi haikuwa na mkono nyuma. Dirisha lake lilikuwa na nafasi, hata ukiweka jicho mbali kidogo unaona kona zote.

"Nitakwambia ubaya wake," Davis alisema. "Nzito. Inakula betri, na baridi ya kule juu inazimaliza upesi zaidi. Weka za akiba mfukoni, karibu na mwili."

"Na uvivu wake?"

"Uvivu wake ndio unaouhitaji, mama. Iache itafute, wewe ona."

Alfajiri ya Jumamosi alisimama ukingoni mwa bonde la Ildefonce, betri ndani ya sweta. Alijipanga ili ndege waje kutoka kushoto. Aliwasikia kabla ya kuwaona: mabawa ya hondohondo yana mvumo, kama mtu anayevuta mvukuto wa mhunzi. Wawili wakatokea juu ya miti. Aliinua, wakaingia dirishani, akabonyeza na kushikilia. Kamera ililia mfululizo, kisha ikanyamaza na kuanza yenyewe kurudisha mkanda. Alidhani imeharibika. Ndege walikuwa hata hawajamaliza kuvuka bonde.

"Mama Maria!" alisema. "Imemaliza wote?"

Picha thelathini na sita kwa sekunde chache, kiasi ambacho zamani kingemtosha harusi mbili. Ildefonce alicheka mpaka akakaa.

Zilizofaa zilikuwa nne. Tatu zilikuwa kali, unaweza kuhesabu manyoya. Ya nne ilikuwa na ncha za mabawa zilizotikisika, naye alitaka kuitupa. Ildefonce akaichagua hiyo.

"Hii ndiyo anaruka," alisema. "Hao wengine wametundikwa."

Mektrida alimtazama akidhani anatania. Hakuwa anatania, na kadi ile iliuzwa miaka mingi. Yeye aliendelea na harusi na komunio, kwa jicho la kushoto, mpaka kamera za bila mkanda zilipoingia. Lakini kabla ya hapo, Jumapili moja baada ya misa, alipanda kwa yule bibi aliyekatika pichani, akamwambia kwamba ni kweli hakusogea, akamwomba akae tena kwenye kiti, peke yake, katikati.