Mukaba wa Mjomba

Juzi nilimkuta mjomba kando ya gari lake kuukuu la mbio, bateri nyingine mpya miguuni. Nilicheka, maana nilishamwona hivyo nikiwa mtoto.

Alasiri ile ya utotoni, uwanja wetu wa nyumbani ulinuka asidi na mpira ulioungua. Kila alipoliwasha, gari lilitoa mlio mkali, na taa nyekundu ya chaji haikuzimika. Mjomba aliwatukana wauza bateri wote wa Likasi. Mama, mdogo wake, alisimamisha cherehani aliyoshonea magauni, akasikiliza, kisha akamwambia kaka yake:

"Yaya, mukaba inalegea. Hata mashine yangu inaliaka vile."

"Weye wa kushona marobe, unajua nini ya motoka?"

Niliitazama suruali ya mjomba. Mukaba ulikuwa umelibana tumbo lake barabara, nikamwonea mama aibu. Sikujua bado kwamba dinamo nayo ina mukaba wake, na ukilegea hakuna bateri itakayojaa.

Basi juzi nikamwambia, "Mujomba, ni mukaba inalegea."

Mjomba akainamia suruali yake, akaukaza mukaba tundu moja zaidi, akanikodolea macho.

Kumbe alasiri ile uwanjani tulikuwa watoto wawili.